Mchezaji Akiisha Kucheza: Khabari ya Suleiman Nyambui na ya Kijana Mmoja wa Bariadi

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya sala ya isha, tulijiwa nyumbani kwetu Bariadi na mzee mmoja mkulima wa pamba, naye amefuatana na mwanawe. Mzee huyu twamjua tangu siku nyingi, na mwanawe twamjua zaidi, kwa kuwa alisoma kwetu chuoni tangu alifu mpaka akakhitimu. Walipokwisha kupumzika mzee hakufanya maneno mengi.

"Maalim," alisema, "nimekuletea huyu umpe nasaha. Huu ni wakati wa palizi. Pamba yangu yataka mikono, naye mikono yake ameitoa sadaka kwa mpira. Na sasa hata huo mpira wenyewe umekwisha, lakini kijana amekaa tu kibarazani kama mtu aliyefiwa."

Tukamgeukia kijana. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akatuamkia mara ya pili kana kwamba shikamoo ya kwanza haikutosha, kisha akasema maneno ambayo hayajatutoka moyoni tangu usiku ule: "Maalim, mimi nina miaka 22, na kazi niliyokuwa naijua imekwisha."

Kijana huyu alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono. Baadhi ya wasomaji wetu, hasa wazee, wakisikia mpira hufahamu ule wa miguu tu; kwa hiyo yafaa tueleze kidogo. Mpira wa mikono huchezwa na watu 7 kila upande, mmoja wao akiwa mlinda mlango, katika kiwanja cha urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Mlango wenyewe una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mbele yake huchorwa mstari wa kuzunguka ulio umbali wa mita 6, na ndani ya mstari huo hana ruhusa ya kukanyaga mchezaji yeyote ila mlinda mlango. Ndiyo sababu utawaona wachezaji wakiruka kutoka nje ya mstari, na wangali hewani, hawajagusa chini, huutupa mpira mlangoni. Mwenye mpira haendi zaidi ya hatua 3 bila ya kuudunda, wala haushiki zaidi ya sekunde 3 akiwa amesimama. Muda wake ni dakika 60, nusu kwa nusu. Asili ya mchezo huu ni Denmark na Ujerumani, na ule wa watu 7 uliingia katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Kwetu Tanzania umo katika michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari.

Kijana wetu alikuwa hodari wa kuruka. Alichaguliwa shuleni kwake, akachaguliwa wilayani, akavaa jezi ya mkoa wa Simiyu, na mwaka 2022 akafika Tabora katika mashindano ya taifa ya UMISSETA. Hiyo ndiyo safari ndefu kupita zote alizopata kuzifanya, na mpaka leo tiketi ya basi ameihifadhi. Kisha akamaliza shule, na mlango ukafungwa. Mpira aliokuwa akiucheza ulikuwa mali ya shule, ukabaki shuleni. Wenzake wakatawanyika, huyu Mwanza, yule Geita. Juu ya hayo, mwaka jana aliruka kama desturi yake katika udongo mkavu, akatua vibaya, na goti lake la kushoto halikurudi tena kuwa kama zamani.

Tukamwuliza: "Je, hapana lolote uliloitiwa?" Akasita. Baba yake ndiye aliyejibu, tena kwa dharau kidogo, ya kwamba shule moja ya msingi imemtaka awafundishe watoto mchezo huo wakati wa jioni, pasipo malipo ila chai. "Akacheze na watoto!" alisema mzee. Na dharau ile tuliiona usoni mwa kijana mwenyewe pia. Yeye aliyeruka Tabora mbele ya watu, leo akawashike mikono watoto wa darasa la nne awaonyeshe namna ya kudaka? Kwake huko kulikuwa ni kushushwa daraja.

Hapa yatupasa tukiri jambo letu sisi wenyewe. Kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka 11 au 12 alikuwa akichelewa chuoni, anakuja miguu imejaa vumbi, nasi tulimwadhibu zaidi ya mara moja. Siku moja alikuja kuomba ruhusa aende mashindano ya shule. Tulimkatalia, na tukamwambia mbele ya wenzake kwamba mpira hautamfaa duniani wala akhera. Hatukumwuliza anacheza mchezo gani, wala ni nani anayemfunza, wala saa ngapi wanamaliza. Basi mtoto yule yule ndiye huyu aliyeketi mbele yetu amekuwa mtu mzima, na maneno yetu ya siku ile yalikuwa yakimrudia kutoka kinywani mwa baba yake. Tuliona haya. Tukawaomba waturudie baada ya siku 7, tukakaa kutafuta la kuwaambia.

Tulilolitafuta tulilipata si mbali. Watu wa Busega, katika mkoa wetu huu wa Simiyu, huchota maji na kuvua samaki katika Ziwa Victoria. Na katika ziwa hilo hilo, upande wa mkoa wa Mara, iko nchi ya Majita. Huko ndiko alikozaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953. Mchezo wake haukuwa wa mpira bali wa mbio. Lakini mtu akiyaangalia maisha yake kwa utaratibu ataliona lile lile linalomsumbua kijana wetu, maana mwili wa mwanadamu una muda wake, uwe wa kuruka au wa kukimbia.

Nyambui alikuwa kijana katika zama ambazo mbio za Tanzania zilikuwa zikisikika duniani. Mwaka 1974, huko Christchurch katika nchi ya New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia. Watu wakangoja Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 kwa hamu kubwa. Walakini New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikakataa kwenda Montreal. Bayi akabaki nyumbani katika mwaka wa ubora wake. Twalitaja hili ili vijana wafahamu kwamba mchezaji hupungukiwa na siku zake hata kwa mambo yasiyomhusu, na siku zikipita hapana wa kuzirudisha.

Miaka minne baadaye ikaja Olimpiki ya Moscow. Safari hii Marekani ndiyo iliyozitaka nchi zisiende, kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Mwezi wa Februari 1980 Rais Carter alimtuma bingwa wa ngumi Muhammad Ali aje Afrika kuzishawishi serikali zetu, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Wako wazee wetu waliotamani kumwona Ali akikaribishwa Ikulu kwa heshima ya Uislamu wake, na wako waliosikitika juu ya ndugu zao wa Afghanistan, nao walikuwa na haki. Ila hayo yana mahali pake. Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda.

Tarehe 1 Agosti 1980 zilikimbiwa mbio za mwisho za mita 5000, nazo ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja. Aliyeogopwa na wote alikuwa Miruts Yifter wa Ethiopia, ambaye siku chache kabla ya hapo alikwisha shinda mita 10,000. Mbio za namna hii hukimbiwa kwa akili muda mrefu, kisha kwa roho muda mfupi. Yifter alifyatuka katika mzunguko wa mwisho kama alivyozoea, na Nyambui akawa miongoni mwa wachache waliokuwa na pumzi ya kumfuata. Yifter alifika kwa dakika 13 na sekunde 20.9, Nyambui akafika wa pili kwa dakika 13 na sekunde 21.6, na nyuma yake Kaarlo Maaninka wa Finland kwa dakika 13 na sekunde 22.0. Mwenye kutia maji mkononi kwa ajili ya udhu hajawahi kuyafikisha kwenye kiwiko, na watu watatu wamekwisha pita.

Siku moja kabla yake Bayi naye alikuwa amepata nishani ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Nishani hizo mbili ndizo za kwanza za Tanzania katika Olimpiki, na mpaka kumalizika kwa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 hazikupata ya tatu.

Wakati huo Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwani katika mpaka wa Marekani na Meksiko. Mwaka huo huo wa 1980 alishinda mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, na Februari 1981, katika ukumbi wa New York, akakimbia mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 20.4, wakati ambao hapana aliyewahi kuufikia katika mbio za ndani ya nyumba. Wapendao kusema kwamba mchezo na kitabu havikai pamoja wayatazame hayo. Alisoma, akakimbia.

Kisha umri ukasogea. Mtu wa miaka 34 hawezi kufyatuka katika mzunguko wa mwisho kama mtu wa miaka 27. Nyambui hakushindana na umri wake, bali alibadili njia: akaingia katika marathoni, mbio za kilomita 42 na ushei, ambazo zataka subira kuliko kasi. Mwaka 1987 alishinda marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 11. Mwaka 1988 akarudi akashinda tena, kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 45. Mji wa Berlin ungali umegawanywa kwa ukuta katika miaka hiyo, na mbio zilikimbiwa upande wa magharibi peke yake.

Haya yote ni ya kupendeza kusimulia, na magazeti yameyasimulia. Sisi lakini lililotuvuta ni lile ambalo halipigiwi makofi. Alipokwisha na marathoni nayo, Nyambui hakukaa kibarazani. Alikuwa mwalimu wa mbio, au kocha kama isemwavyo siku hizi. Aliwafundisha wakimbiaji wa Tanzania, akawa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, chama kinachosimamia mbio katika nchi yetu, na baadaye akavuka bahari kwenda kufundisha riadha Brunei, nchi ya Kiislamu iliyoko katika kisiwa cha Borneo. Mtu aliyesimama jukwaani Moscow kavaa nishani, akakubali kusimama kando ya kiwanja na saa mkononi akiwahesabia wengine mizunguko. Katika kazi hiyo hapana wimbo wa taifa, na mwanafunzi akishinda picha hupigwa mwanafunzi.

Wala hakuwa peke yake katika watu wa zama zake. Bayi alianzisha shule, moja Kimara katika Dar es Salaam na nyingine Mkuza, Kibaha. Mwaka 1988 katika marathoni ya Boston, Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania walifukuzana mpaka mstarini. Ibrahim alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43, Juma akafika sekunde 1 nyuma yake. Ingalikuwa ni watu wa kinyongo wangalikaa maisha yao yote wakibishana juu ya sekunde ile. Ibrahim alikuja kuwa mkurugenzi wa kituo cha Nairobi cha shirikisho la riadha la dunia, ambako hufundishwa walimu wa riadha wa nchi za Afrika. Juma naye amejitia katika kuwainua wasichana wakimbiaji, na mashindano ya wanawake yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017 kwa msaada wa Wajapani yana mkono wake.

Na kwa kuwa kijana wetu ni wa mpira wa mikono, tulimtafutia na mfano wa mchezo wake hasa. Huyo ni Hassan Moustafa wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1944. Aliuchezea mpira huo klabu ya Al Ahly ya Cairo na timu ya taifa ya Misri, alipoacha kucheza akawa mwamuzi na kocha, na mwaka 2000 akachaguliwa kuwa rais wa shirikisho la dunia la mchezo huo, ambalo makao yake yako Basel, Uswisi. Misri yenyewe mwaka 2001 ilifika nafasi ya 4 katika mashindano ya dunia, nayo ndiyo timu ya kwanza isiyo ya Ulaya kuingia katika nne bora. Tunisia ikapata nafasi ya 4 mwaka 2005. Hatusemi kila anayewafundisha watoto wa Bariadi atakwenda kukaa Uswisi! Twasema tu kwamba mlango aliouona yeye umefungwa, wengine waliuona una komeo la kufunguliwa kwa ndani.

Tulipokwisha kuyakusanya haya tukakumbuka jambo ambalo sisi, tunaofundisha dini, tulipasa kulikumbuka kwanza kabla ya Moscow na Berlin. Imepokewa katika Sahihi Muslim khabari ya sahaba Uqba bin Amir, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alikuwa amekwisha kuwa mzee, na bado akienda na kurudi baina ya shabaha mbili akifanya mazoezi ya kutupa mishale. Mtu mmoja alimwuliza kwa nini ajitaabishe hivyo na umri umekwisha kuwa mkubwa. Uqba akamjibu kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, asingelijitaabisha. Na neno hilo lilikuwa ni kemeo kali kwa yule aliyejifunza kutupa mishale kisha akauacha ujuzi wake. Tumeisoma hadithi hii mara nyingi, hata kuwafundisha wengine tumewafundisha, wala haikutupitia akilini siku ile tulipomkatalia mtoto ruhusa.

Tena iko khabari ya farasi wa Madina. Mtume alishindanisha farasi katika njia mbili: waliofunzwa na kutayarishwa kwa mbio walikimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, na wasiofunzwa walikimbia masafa mafupi, kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraik. Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliokimbiza. Maulamaa hutoa katika hadithi hiyo hukumu ya kufaa kwa mashindano. Sisi tuliona na jingine, nalo ni kuwa farasi hawakuchanganywa. Aliyefunzwa alipewa masafa yake na asiyefunzwa masafa yake. Basi palikuwa na watu waliokuwa wakiwafunza, wakijua yupi yuko tayari na yupi bado, nao majina yao hatuyajui.

Zilipotimia siku 7 mzee na mwanawe walirejea. Tukawasimulia haya, si yote kwa usiku mmoja, kwa kuwa mzee alitukatiza mara nyingi. Yeye katika ujana wake alikuwa mcheza ngoma wa Bagalu, na kila tulipotaja mbio alitaja ngoma. Alisema kwamba siku zile pamba ikiisha kuuzwa Bagalu na Bagika walipambana uwanjani mchana kutwa, na mshindi ni yule aliyekusanya watu wengi. Tulimwambia hatutaki khabari za dawa walizokuwa wakitumia kuwavuta watu, naye akacheka. Lakini tulimwuliza swali moja: "Ewe mzee, wewe uliwajua manju wakubwa. Manju alijifunza kwa nani?" Akajibu bila ya kufikiri: "Kwa manju aliyemtangulia, aliyezeeka." Akanyamaza kidogo. Nasi hatukuongeza neno.

Kisha akauliza swali ambalo ni haki ya kila mzazi kuliuliza: "Sawa, Maalim. Na atakula nini?"

Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba chai ya shule haimlishi mtu, na kwamba tusimpeleke kijana katika kazi ya bure kwa maneno matamu. Lakini mazoezi ya watoto huanza saa 10 alasiri, na jembe hushikwa alfajiri. Asubuhi awe na baba yake shambani, jioni awe kiwanjani. Goti lake lamruhusu kupalilia hata kama halimruhusu kuruka. Tena tukamweleza jambo ambalo mzee hakuwa akilijua, kwamba serikali ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo huko Malya, wilaya ya Kwimba, si mbali na Maswa yetu, na huko mtu husomea ualimu wa michezo akapata cheti cha kumwombea kazi. Mzee alishangaa sana. Malya alikuwa akipita kwa treni tangu udogo wake, asijue kwamba pana chuo cha watu kusomea kucheza. "Si kusomea kucheza," alisema kijana, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza usiku ule, "ni kusomea kufundisha."

Ramadhani ikapita. Baada ya Idi kijana alianza.

Tulikwenda kumtazama, na twakiri hatukufahamu yote. Tuliona amechora mstari wa mita 6 kwa majivu, akaupima kwa hatua zake mwenyewe. Mipira ilikuwa miwili tu kwa watoto 31. Mmoja ulikuwa mkubwa wa watu wazima, akauweka kando, akatueleza kwamba mkono wa mtoto haukai juu ya mpira ule, na mtoto akiulazimisha hujifunza kutupa kwa bega na kuliumiza; kwa hiyo wote 31 walipokezana ule mdogo. Wale waliokuwa wakingoja zamu hakuwaacha wakae. Aliwafundisha kuruka bila ya mpira, na zaidi ya kuruka aliwafundisha kutua: miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, mwili usipinde. Alirudia jambo hilo la kutua mpaka sisi tuliochoka kwa kutazama tukataka kumwambia basi, yatosha. Ndipo tukamwona akijishika goti lake la kushoto, tukanyamaza.

Kuna mambo alituuliza sisi, nasi tukajibu kwa kadiri ya elimu yetu. Wasichana aliwaweka saa zao na mwalimu wa kike akiwa pamoja nao, nao huvaa suruali ndefu, fulana za mikono mirefu na mitandio iliyofungwa vizuri, na twaona hapana ubaya. Wazazi wawili waliotujia kulalamika tuliwaambia waende wakaangalie kwanza kabla ya kusema. Watoto wa chuoni kwetu tumewasogezea saa ya kusoma katika siku mbili za juma, naye kwa upande wake amekubali mtoto asiyehudhuria chuoni asiguse mpira siku inayofuata. Sharti hilo alilitaka yeye, si sisi. Na mazoezi huisha mapema, watoto wapate kutawadha kwa ajili ya magharibi.

Jambo moja limetuuma kidogo, nalo twalisema ili tusijifanye watu wa kheri tupu. Kijana alikuja kutuomba ubao wetu mmoja wa zamani apate kuwachorea watoto kiwanja. Tulimpa ule uliokuwa ukitumika miaka ile aliyokuwa akisoma kwetu. Aliutazama, akasema, "Mbele ya ubao huu ndipo uliponiambia yale maneno, Maalim." Alisema kwa heshima, bila ya chuki. Tukamjibu kwamba twayakumbuka, na tukamtaka radhi. Akasema amekwisha kusamehe, akaubeba kichwani akaenda zake.

Mwezi wa Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ndogo ambayo jicho haliioni. Ni Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Kijana wetu amelichora jina la Simbu katika pembe ya ubao ule, na chini yake ameandika Nyambui, 1980, ingawa watoto aliowaandikia baadhi yao hata baba zao walikuwa hawajazaliwa mwaka huo. Mtoto mmoja wa kike, mlinda mlango, mdogo kwa umbo lakini hana woga, alimwuliza Nyambui alikuwa akicheza namba ngapi.

Kuhusu Malya bado. Kijana anaweka akiba kidogo kidogo ya nauli na ada, na baba yake amesema tutazungumza pamba ikiisha kuuzwa. Hatukutaka kumsukuma. Lakini juzi jioni mzee alipita na baiskeli yake akitoka sokoni, amefunga gunia la chumvi ya ng'ombe nyuma. Alisimama kando ya kiwanja, mguu mmoja chini na mmoja juu ya pedali, kama mtu ambaye hana nia ya kukaa. Tulimwona kutoka mlangoni kwetu. Alikuwa angali pale watoto walipoanza kwenda kutawadha.